Hii Usimsomee Bibi

Kihesa, Iringa
21 Julai 2024

Mwalimu Veneranda, shikamoo.

Najua bibi atakuja kwako mara tu akisikia kondakta ameleta bahasha, na atakaa jikoni kwako asubiri usome. Naomba hii usimsomee. Mwambie tu kwamba sweta nimelipata, kwamba baridi ya huku imeizidi ya Mbeya, na kwamba nakula nashiba. Mengine yote ni yako peke yako.

Jana asubuhi tulikuwa kwenye usafi wa mabweni. Mercy, mwenzangu wa Kidato cha Pili ambaye kitanda chake kiko jirani na changu, alikuwa anapiga deki mlangoni. Ghafla akaliachia dekio likaanguka. Akasimama ameikodolea macho ndoo kama mtu aliyeona kitu ndani yake. Nikamwita, "Mercy, vipi?" Hakunijibu. Akaanza kutetemeka magoti, halafu mwili mzima, akaanguka kwenye yale maji machafu na kupiga kelele. Mwalimu, ile sauti haikuwa ya Mercy. Ilikuwa nzito, kama ya mtu mzima aliyekasirika.

Kabla hatujamwinua, mwenzetu Eveline naye chini. Kisha mwingine kwenye korido, kisha wengine nje walikokuwa wanafua. Waliokuwa wanakimbia nao wakawa wanaanguka hukohuko walikokimbilia. Matroni Paskalina alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, akawa anapita anawafunika khanga kwa sababu walikuwa wanajifunua bila kujua. Na yeye alikuwa analia.

Walimu wanasema ni uchovu. Wasichana wanasema ni mapepo, na kwamba mapepo hayaji yenyewe, yanatumwa na mtu. Mercy alikuwa anaita jina la mtu. Sikulisikia vizuri.

Nikienda kupiga simu ofisini foleni nzima inakuwa mgongoni kwangu inasikiliza, ndiyo maana naandika. Nijibu upesi, Mwalimu. Naogopa hata kwenda bombani.

Mwanafunzi wako,
Ikupa


Ilomba, Mbeya
27 Julai 2024

Ikupa mwanangu,

Marahaba. Bibi nimemsomea habari za sweta na za baridi. Akauliza, "Ni hayo tu?" Nikamwambia ni hayo tu. Akanitazama kidogo, akaaga akaenda zake.

Sasa nisikilize. Haya ya wasichana kuanguka nimeyaona katika shule nilizofundisha, na wote walioanguka waliamka wakaomba uji. Mmoja akipiga miayo darasani saa nane mchana, darasa zima hupiga miayo, na hakuna anayesema wamerogwa. Woga nao unaambukiza vivyo hivyo. Mkikaa wengi pamoja, mkala kidogo, mkalala kidogo, na kila mtu anawatisha kwa mtihani wa taifa, mmoja akidondoka mwili wa jirani yake unafuata. Haimaanishi wanaigiza. Wanaumwa kweli, ila dawa yake ni kupumzika na kutoachwa peke yao.

Nina maswali mawili. La kwanza, Jumatatu iliyofuata mlikuwa na nini? Mtihani? La pili ni lile jina. Nimekufundisha tangu darasa la nne. Ulikuwa unasikia hadi tulichonong'onezana na Mwalimu Sedekia nje ya dirisha, ukawatangazia wenzako. Leo mtu anapiga kelele hatua chache kutoka ulipo, unaniambia hukusikia vizuri?

Niambie. Sitakasirika, na sitashtuka.

Kula. Lala. Kaa karibu na Matroni.

Wako,
Mwalimu Veneranda


Kihesa
4 Agosti 2024

Mwalimu, shikamoo.

Lilikuwa jina langu.

Na Jumatatu ndiyo, tulikuwa na jaribio la hesabu. Lakini hakuna anayetaka kusikia habari za hesabu sasa hivi.

Wameanguka tena Jumatano kwenye paredi na tena Ijumaa kanisani. Kila mara Mercy ndiye wa kwanza, na kila mara ananiita mimi. "Ikupa, niache! Ikupa, toka kifuani kwangu!" Mimi nimesimama mbali, nimeshika Biblia, watu wote wamegeuka wananitazama.

Wamehamisha vitanda. Changu kimebaki peke yake katikati ya bweni kama kaburi. Chini ya godoro nilikuta chumvi na wembe. Mezani nikikaa, wanaobaki ni wale ambao hawajaniona. Juzi nilichota maji bombani, msichana aliyekuwa nyuma yangu akaimwaga ndoo yake yote akaondoka na kiu yake.

Mwalimu, wanajua kuhusu bibi. Mama yake Mercy anatoka Rungwe, kijiji kilekile alikotoka bibi. Likizo ya Juni alimwambia Mercy: yule bibi wa mwenzako tulimfukuza kwa kuua watoto. Mercy akarudi nayo, na bweni zima likaipata kabla ya mimi. Ndivyo nilivyojua kwa nini hatuna kwetu pengine zaidi ya Ilomba. Nilikuwa nikiuliza, bibi ananiambia, "Kule kuna mvua nyingi."

Sasa nakuuliza kitu ambacho sijamuuliza mtu. Mtu anaweza kuwa nao uchawi bila kujijua? Maana siku ile kabla Mercy hajaanguka nilikuwa nimemkasirikia. Alichukua sabuni yangu ya kufulia bila kuniomba. Nilisema moyoni, "Natamani upatwe na kitu." Palepale akaanguka. Sijamwambia mtu.

Kama ninao, nisirudi nyumbani, nisije nikamdhuru na bibi. Kama sina, naomba uniambie umejuaje.

Usimwambie bibi. Naomba sana.

Ikupa


Ilomba
8 Agosti 2024

Ikupa,

Nimekiuka ombi lako. Nimemwambia bibi.

Nilikaa na barua yako tangu juzi. Mambo ya sabuni ningeweza kuyajibu mwenyewe: kama hasira ya sabuni ingekuwa inaangusha watu, shuleni kwangu asingebaki mwalimu hata mmoja amesimama. Lakini swali lako la pili, la kwamba nimejuaje, halikuwa langu kujibu. Leo mji mzima umeelekea Uyole kwenye maonyesho ya Nane Nane, mtaa umetulia, nikaenda kwa bibi na barua mkononi.

Nilianza kuzunguka. Akanikata. "Mwalimu, mimi sijui kusoma, lakini macho ninayo. Karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili. Wewe ukasoma sweta na baridi. Mtoto wangu ana nini?"

Nikamsomea yote. Hakulia. Aliinuka akafunga mlango, akakaa, akaniambia niandike kama atakavyosema. Haya ni maneno yake:

"Mwambie hivi. Mwaka ule kulikuwa na surua. Nyumba ya jirani waliugua wawili na kwangu aliugua yeye, Ikupa, ndio kwanza anaanza kutembea, mama yake hatunaye tena. Watoto wa jirani nilikuwa nawauguza pamoja na wangu, mama yao alikuwa na mimba kubwa, hawezi. Wale wawili wakafa. Wa kwangu akapona. Ndilo kosa langu, alipona. Walikuja mchana kweupe, wakachoma jiko langu, wakasema kesho wanachoma nyumba. Nikamfunga mgongoni nikatembea mpaka barabarani.

"Na hilo analouliza, mwambie nami nilijiuliza. Watu wengi wakikuambia wewe ni kitu fulani, unaanza kujitazama mikono. Nilipofika Ilomba nilikuwa sishiki mtoto wa mtu. Hata mtoto akianguka barabarani mbele yangu, simwinui. Nilikuwa namshika Ikupa tu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumshika. Kila asubuhi namwangalia: kama mikono hii ina kitu, huyu ataanza kukonda. Hakukonda. Alinenepa mpaka majirani wakamwita Gunia. Ndivyo nilivyojua. Sikuambiwa na mchungaji wala daktari. Sasa na yeye kama anataka kujua, anitazame mimi. Amelala ubavuni kwangu miaka yote. Ningekuwa nimeshazikwa."

Nimeandika alivyosema. Mimi sina la kuongeza ila hili: nilipokupokea darasa la nne ulikuwa unakaa dawati la nyuma umejikunja kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Sikujua sababu. Leo nimejua, na nimeogopa zaidi ya wewe, kwa sababu mimi ni mtu mzima na najua watu walioogopa wanaweza kufanya nini. Usitoke nje ya uzio na mtu yeyote. Yeyote.

Mwalimu Veneranda


Kihesa, Iringa
13 Agosti 2024

Mwalimu Veneranda,

Kamwene. Hatujaonana, ila nakufahamu kwa jinsi Ikupa anavyokutaja. Mimi ni Paskalina, matroni wa mabweni. Simu yangu nimeizima kwa kuwa wazazi wanapiga mfululizo wananitukana, na ofisini siwezi kusema haya, kuta zina masikio. Barua hii nimempa kondakta mkononi.

Jumamosi hii saa nane mchana kuna kikao cha wazazi. Wanamleta mtumishi mmoja wa Mungu, Obeid, si wa kanisa letu wala la Walutheri. Inasemekana anapita kati ya watu anamtambua mwenye jambo. Mkuu wa shule amekubali. Si mtu mbaya. Amechoka, na wazazi wamesema watawaondoa watoto wote. Amenidokeza kwamba baada ya kikao Ikupa atapewa barua ya kurudi nyumbani "kwa usalama wake." Nikamuuliza, "Atasindikizwa na nani?" Akaanza kupanga makaratasi yake.

Hapa nje ya geti wameanza kusimama watu nisiowafahamu. Hawafanyi kitu. Wanasimama tu wanatazama ndani.

Ikupa haendi tena darasani. Nimemhamishia nyumbani kwangu hapahapa shuleni, analala na binti yangu mdogo. Hali kitu tangu juzi isipokuwa uji nikimnywesha. Ile barua yenye maneno ya bibi yake ameishonea kwenye pindo la sketi. Nilimuuliza, akasema akiisoma tena itaisha nguvu.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni mwalimu na mimi nimechoka kujikaza. Naogopa. Nimezaliwa Kilolo, nimelelewa kuyaamini mambo haya. Usiku wa kwanza nilipomlaza na mwanangu sikufumba macho, na sababu haikuwa wale watu wa getini. Nilikuwa namsikiliza mwanangu kama anapumua. Asubuhi wote wawili waliamka wakagombania blanketi. Niliona aibu sana, lakini aibu haikuondoa woga wote.

Sijui kama Jumamosi nitaweza kusimama. Njoo.

Paskalina


Chimala
17 Agosti 2024, asubuhi

Matroni Paskalina,

Barua hii nampa sista mmoja anayekwenda Iringa. Anavuka kwa miguu ili apande gari upande wa pili. Namwomba Mungu ikufikie kabla ya saa nane.

Tumekwama. Tuliondoka Mbeya jana mimi na bibi yake Ikupa, na mbele ya Chimala lori la mafuta limepinduka katikati ya barabara. Polisi wamezuia magari yote, wanaogopa moto. Tumelala hapa kwa mama muuza mchele aliyetuhurumia. Miguu ya bibi imevimba, hawezi kutembea mpaka ng'ambo, na kumwacha peke yake siwezi. Simu yako bado imezimwa. Ya Mkuu inaita haipokelewi. Tangu alfajiri nazunguka kwenye magunia ya watu kama kichaa.

Umesema hujui kama utaweza kusimama. Mimi nami sijui ningefanya nini ningekuwa hapo, kwa hiyo sikuamrishi. Nakuomba kimoja. Usimwambie asiogope, hatakuamini. Mshike mkono. Mshike mbele za watu, wote wauone mkono wako ukiwa kwenye wake, na usimwachie hata ukiambiwa umwachie. Huyu mtoto alishabebwa mgongoni kukimbizwa mara moja. Asikimbie tena.

Bibi yake anasema, "Mwambie huyo mama ndaga, nashukuru. Mwambie na mwanawe tutamwombea."

Barabara ikifunguka tunakuja, hata iwe saa ngapi.

Veneranda


Kihesa
25 Agosti 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Mlipofika Jumapili asubuhi sikuweza kusema kitu, nililia tu kwenye khanga ya bibi. Na mbele yake nisingeweza kusimulia hata kama sauti ingetoka. Ukishaisoma hii peke yako, amua mwenyewe kama utamsomea.

Sista alifika wakati kengele ya kikao inagongwa. Matroni aliisoma barua yako amesimama mlangoni kwake, akaikunja akaitia kifuani. Akaniambia, "Vaa viatu." Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Ukumbi wa chakula ulijaa. Wazazi upande mmoja, sisi Kidato cha Pili upande mwingine. Wakati tunapita, watu walikuwa wanavuta khanga zao zisiniguse.

Yule mtumishi Obeid hakuwa wa kutisha kama nilivyodhani. Alikuwa kijana, sauti ya upole. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Alianza kupita safu kwa safu, kiganja juu ya vichwa vya wasichana, anaomba polepole. Kila anayepitwa anashusha pumzi. Nikawa nawaona wanavyonigeukia, safu moja, safu nyingine. Alikuwa hanitazami kabisa, lakini miguu yake ilikuwa inakuja kwangu. Walikuwa wameshamwambia ninakaa wapi.

Alipofika safu yetu Matroni akasimama.

"Huyu hataguswa," alisema.

Mkuu akasema, "Matroni, kaa chini."

"Sikai, Mkuu."

Mtumishi akatabasamu. "Anayemkinga ni mwenzake."

Mwalimu, ukumbi ulivuma. Mzee mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Watolewe wote wawili!" Viti vikaanza kusukumwa. Nilijaribu kuuvuta mkono wangu ili yeye angalau apone. Akanibana mpaka vidole vikauma.

"Mnataka niseme siogopi?" akawaambia. "Tazameni mkono wangu. Naogopa kama ninyi. Lakini nikimtoa huyu nje ya geti lile, na ninyi mmekaa mnamtazama hivyo, usingizi sitaupata tena mpaka nife. Kama kuna anayetaka kumtoa, anitoe na mimi. Tumeshikana."

Hakuna aliyesogea. Na hapo ndipo Mercy alipoanguka.

Alianguka kati ya mabenchi, kichwa kikagonga sakafu. Wote wakakimbilia ukutani, hata mtumishi alirudi nyuma. Nikasikia mtu anasema, "Sasa atamtaja." Mercy alikuwa anarusha miguu, povu mdomoni, peke yake katikati ya ukumbi, hakuna aliyemkaribia, hata mama yake alikuwa ameganda.

Matroni akaniinamia. "Tunakwenda. Wote wawili."

Sikutaka. Nilijua Mercy akinigusa tu na kupiga kelele, nimekwisha. Lakini Matroni hakuniachia, na mguu wake ulipoanza kutembea wangu ukafuata. Tukapiga magoti. Matroni akakiweka kichwa cha Mercy mapajani mwake. Mercy akaushika mkono wa sweta langu. Akaushika kwa nguvu, akafumbua macho akaniona ni mimi.

Nikasubiri kelele. Ukumbi mzima ulikuwa unasubiri.

Hakupiga. Alinivuta nikamkaribia, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, "Nisipofaulu baba hanirudishi shule. Hesabu siziwezi, Ikupa. Siziwezi hata moja."

Tulisikia sisi wawili na mama yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika. Yule mama alikaa chini sakafuni na nguo zake za kikao, akamshika mwanawe mguu. Alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake.

Mkuu akasema kikao kimeahirishwa. Hakijaitishwa tena. Barua ya kunifukuza sijapewa, na hakuna aliyesema sitapewa.

Hali si nzuri yote. Wengi bado hawanywi maji niliyochota. Lakini Eveline amerudisha kitanda chake karibu na changu. Alisema kule alikohamia kuna upepo. Na jioni Mercy anakuja sebuleni kwa Matroni, namfundisha sehemu na desimali. Anakuja akiwa bado ananiogopa, naona. Mimi nami namwogopa. Tunaanza hivyohivyo.

Ikupa


Kihesa
10 Novemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Mtihani umekwisha. Walianguka mara moja tena mwezi wa tisa, wasichana wachache tu wa Kidato cha Kwanza, na Matroni aliwapeleka kwake akawapikia uji, habari ikaishia hapo. Mercy hakuanguka. Siku ya hesabu alitapika kabla ya kuingia, akanawa, akaingia. Anasema amejibu maswali mengi kuliko alivyotegemea. Matokeo ni mpaka Januari, na hatujui.

Kuna jambo nataka umsomee bibi, lote, usipunguze hata neno.

Juzi tulikuwa tunafunga masanduku, Mercy akaniambia kitu alichoambiwa na mama yake baada ya kile kikao. Wale watoto wawili waliokufa kwa surua walikuwa kaka zake. Yeye alikuwa tumboni. Ndiyo maana baba yake hamwachi apumue. Kila akirudi nyumbani anamwambia, "Wewe unasoma kwa niaba ya watatu." Alikuwa ananisimulia huku anakunja shuka ileile mara nyingi nyingi.

Anaogopa kwenda kusubiri matokeo kwa baba yake. Mama yake yuko radhi Mercy aje kwetu Ilomba kwanza, mpaka Krismasi. Lakini mama anataka kumleta yeye mwenyewe, mpaka mlangoni kwa bibi.

Mwalimu, ni yule aliyekuwa na mimba kubwa. Nadhani alikuwepo walipochoma jiko. Sijui anakuja kwa nia gani. Mercy naye hajui. Nilimwambia nitauliza. Bibi akikataa nitaelewa, na Mercy amesema ataelewa.

Muulize polepole.

Ikupa


Ilomba
16 Novemba 2024

Ikupa mjukuu wangu,

Ugonile. Anayeandika ni Mwalimu, anayesema ni mimi. Nimemwambia akiongeza la kwake nitajua.

Amenisomea yote. Usiku huo sikulala vizuri, sikufichi. Nimeona tena ule moshi. Asubuhi nilifagia uwanja wote, nikarudia, Mwalimu akafikiri nimechanganyikiwa.

Huyo mama akija nitaogopa. Akibisha hodi miguu yangu itataka kutokea mlango wa nyuma, naijua. Lakini Mwalimu atakuwa amekaa hapa kwangu, na wewe utakuwepo, na mlango wa nyuma nitaufunga mwenyewe kwa komeo.

Mtoto aje. Atalala na wewe kitanda kikubwa. Hesabu zake akishindwa au akishinda, hapa atakula sahani ya mtu mmoja na atalala usingizi wa mtu mmoja. Mwambie hivyo.

Na mama yake umwambie asimshushe barabarani akageuka na gari hilohilo. Aingie ndani. Wanawe nawajua kwa majina, Sifaeli na Philbert. Philbert alifia mikononi mwangu, alikuwa ananiomba maji. Nilikimbia kabla hawajazikwa, na tangu siku ile sijapata mtu wa kulia naye. Mwambie aje tuwalilie.

Bibi yako